Dave mfinyanzi: Mtumwa aliyeliandika jina lake juu ya mtungi

Mnamo Agosti mwaka 2021, mtungi mmoja wa udongo ulipigwa mnada nchini Marekani na kununuliwa kwa dola milioni 1.56. Haukuwa umepakwa dhahabu wala haukutoka katika kasri la mfalme. Ulikuwa chombo cha kuhifadhia chakula, chenye uwezo wa kuchukua lita 95 hivi, kilichofinyangwa mwaka 1858 katika jimbo la South Carolina. Aliyekifinyanga alikuwa mtumwa. Siku alipokitoa katika joko hakukimiliki chombo hicho, hakuumiliki udongo uliokifanya, na wala hakujimiliki yeye mwenyewe.

Mtu huyo aliitwa Dave. Siku hizi vitabu na majumba ya makumbusho humwita David Drake, na wapenzi wa vyombo vya kale vya udongo wanalijua jina lake kama vile wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanavyolijua jina la Muyaka. Inafaa walimu na wanafunzi wetu wayajue maisha yake, kwa maana yanajibu swali ambalo aghalabu hatulijali: je, kwa nini chungu kimoja cha kale kithaminiwe kuliko nyumba ya kifahari, hali kingine kama hicho kimetupwa jalalani? Jibu si ukale peke yake. Jibu ni kuandika.

Hati ya kwanza inayomtaja Dave ni ya mwezi wa Juni mwaka 1818. Si cheti cha kuzaliwa wala cha shule. Ni hati ya rehani. Bwana wake, Harvey Drake, alimweka dhamana ya deni jinsi mkulima anavyoweka ng'ombe au kipande cha ardhi. Hati hiyo inamweleza kuwa mvulana wa umri wa miaka 17 hivi, mzaliwa wa nchi ile ile, yaani hakuletwa kwa meli kutoka Afrika. Kutokana na maneno hayo machache wanahistoria hukadiria kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1801. Kwa hivyo mtu ambaye baadaye angeandika jina lake mara nyingi sana aliingia katika kumbukumbu za dunia kwa mkono wa mdai na mdaiwa.

Mahali alipokulia paliitwa Edgefield, wilaya iliyo karibu na mto Savannah unaotenganisha South Carolina na Georgia. Ardhi ya huko ilijaliwa udongo mzuri wa kufinyangia, ukiwemo ule mweupe uitwao kaolini. Katika miaka ya 1810 daktari mmoja, Abner Landrum, alianzisha hapo kiwanda cha vyombo vya udongo, na kijiji kilichokizunguka kikaitwa Pottersville, maana yake mji wa wafinyanzi. Jamaa za Landrum, Drake na Miles ndizo zilizotawala kazi hiyo kwa muda mrefu, nazo zilirithishana viwanda na watumwa pia. Dave alipita mikononi mwa watu wa jamaa hizo tatu, kutoka mmoja hadi mwingine, katika maisha yake yote ya utumwa.

Msomaji asidhani kwamba vyombo hivyo vilikuwa sawa na vyungu vya kawaida vinavyochomwa uwanjani kwa kuni na majani makavu. Vyombo vya Edgefield vilichomwa ndani ya majoko marefu yaliyojengwa kwa matofali, katika joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi. Wanaakiolojia waliochimba huko Pottersville mwaka 2011 walifukua msingi wa joko lenye urefu wa zaidi ya mita 30. Kwa joto la namna hiyo udongo huyeyukiana na kushikamana, ukawa mgumu kama jiwe, na maji hayapenyi tena. Kabla ya kuchomwa, chombo kilichovywa katika uji wa majivu ya kuni au chokaa uliochanganywa na mchanga na udongo. Uji huo uligeuka motoni kuwa ngozi ya kioo, yenye rangi ya kijani kibichi au ya hudhurungi. Mbinu ya aina hiyo ilikuwa imetumika nchini China kwa karne nyingi. Ilikuwa na faida mbili: haikuhitaji chumvi, ambayo ilikuwa ghali mbali na pwani, wala haikutumia risasi, madini yenye sumu.

Vyombo hivyo vilihitajika sana. Mashamba ya pamba ya Kusini yalikuwa na maelfu ya watu wa kulishwa, na friji hazikuwako. Nyama ya nguruwe na ya ng'ombe ilitiwa chumvi na kupangwa mitungini, na mafuta yakayeyushwa na kumiminwa humo humo. Watumwa ndio waliochimba udongo, wakaukanda, wakakata kuni, wakazungusha gurudumu, wakaupakia joko na kukesha wakiuchochea moto. Jina lililokuwa likijulikana sokoni lilikuwa la mwenye kiwanda.

Hapo ndipo Dave alipojifunza ufinyanzi, akawa fundi wa kusifika. Lakini alijifunza kitu kingine pia: alijua kusoma na kuandika. Mwalimu wake hakuacha jina lake popote, na alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Tangu mwaka 1740, kufuatia uasi wa watumwa uliotokea mwaka 1739 karibu na mto Stono, sheria ya South Carolina ilikataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kuandika, na adhabu ilikuwa faini ya pauni 100. Baadhi ya waandishi wa maisha ya Dave wanaona kwamba huenda alijifunzia katika Biblia ya bwana wake, au katika kazi ya uchapaji, kwa kuwa Abner Landrum alichapisha gazeti lililoitwa Edgefield Hive mnamo mwaka 1830. Vyovyote vile, kufikia mwaka 1834 Dave alikuwa na ujuzi wa kutosha kutunga beti zenye vina na kuziandika kwa mkono wake.

Beti hizo hakuziandika kwenye karatasi. Alichukua kijiti chenye ncha na kuchora herufi juu ya bega la mtungi uliokuwa bado mbichi. Wahenga wetu walinena kuwa udongo uwahi ungali maji, wakikusudia malezi ya mtoto. Dave aliyatenda maneno hayo bila ya kuyasikia. Mtungi ukishaingia jokoni na kutoka, maandishi hayafutiki tena. Karatasi huchomwa moto ikateketea. Udongo ukichomwa moto ndipo maneno yake yanapokuwa ya kudumu.

Shairi la kwanza la Dave lenye tarehe tunalolijua ni la Julai mwaka 1834. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, bunge la South Carolina lilipitisha sheria iliyo kali zaidi. Sasa hata kumfundisha mtumwa kusoma, sikwambii kuandika, kukawa kosa. Mzungu aliyethubutu aliweza kutozwa faini ya hadi dola 100 na kufungwa jela hadi miezi sita. Mtu mweusi aliye huru aliweza kuchapwa hadi viboko 50 na kutozwa faini juu yake. Mtumwa aliyemfundisha mwenzake aliweza kuchapwa hadi viboko 50. Walimu wanaosoma makala haya watambue jambo moja: sheria ile ilimlenga mwalimu. Waliokuwa wakitawala walifahamu kwamba njia rahisi ya kumfanya mtu asijikomboe ni kumnyima mwalimu.

Katika hali hiyo kila mtungi wa Dave uliobeba maandishi ulikuwa ushahidi uliotembea. Ulipakiwa kwenye gari la kukokotwa, ukapelekwa sokoni, ukanunuliwa na kuwekwa katika ghala la shamba fulani, na mtu yeyote aliyejua kusoma angeona kwamba mtumwa ameandika. Wapo wanaodai kuwa hakukuwa na ushujaa hapo kwa sababu mabwana zake walijua na wakaruhusu. Ni kweli walijua. Maandishi hayo hayakufichwa. Lakini ruhusa ya bwana si haki. Bwana angeweza kuiondoa siku yoyote, angeweza kufa na mali yake kugawanywa, au angeweza kumuuza fundi wake kwa mtu mwenye moyo mwingine. Dave aliandika huku akiyajua hayo yote, na alizidi kuandika kwa karibu miaka 30.

Mashairi yake yanayojulikana ni kama 40. Karibu yote ni ya mishororo miwili yenye vina vya mwisho, yaani kile ambacho wanafunzi wetu wa ushairi hukiita tathnia. Ufupi huo haukutokana na uvivu. Bega la mtungi halina nafasi ya utenzi, na udongo haungoji, ukikauka hauandikiki. Katika nafasi hiyo ndogo Dave aliingiza mambo mengi. Mara alieleza ujazo wa chombo na nyama itakayowekwa ndani. Mara alitaja dini, toba na hofu ya hukumu. Mara alifanya mzaha. Upande mmoja wa mtungi aliweka ubeti. Upande mwingine aliweka tarehe, jina Dave, na mara nyingi herufi mbili za jina la Lewis Miles, mwenye kiwanda. Katika ubeti wa mwaka 1840 alisema wazi kuwa yeye ni mali ya Miles. Watu wengine husoma ubeti huo kama utiifu. Mimi nauona kama kumbukumbu: mali haiwezi kuandika kwamba ni mali ya fulani. Anayeweza kusema hivyo ni mtu.

Baada ya miaka ya mwanzo ya 1840 beti zinakatika. Kwa muda wa miaka mingi Dave aliendelea kufinyanga, na baadhi ya vyombo vyake vya wakati huo vina sahihi na tarehe, lakini ushairi haupo. Ndiyo miaka ambayo mabwana walikufa, madeni yakalipwa na watu wakauzwa. Masimulizi ya wazee wa Edgefield yanasema kwamba Dave alipoteza mguu mmoja kwa ajali ya gari la moshi, na kwamba alifanya kazi pamoja na mtumwa mwingine, Henry, aliyekuwa amelemaa mikono: mmoja alizungusha gurudumu na mwingine akafinyanga. Inaelezwa pia kwamba watu aliowapenda walihamishwa kwenda mbali na mabwana waliohamia majimbo ya magharibi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1857 alirudi katika ushairi, na ubeti mmoja wa mwezi huo ndio unaowatoa machozi wasomaji wengi hadi leo. Anajiuliza ndugu na jamaa zake wote wako wapi, kisha anautakia urafiki kila mtu na kila taifa. Ni maneno machache, wala hayana lawama ndani yake. Lakini mwanafunzi anayetaka kuelewa biashara ya watumwa ilifanya nini kwa familia hahitaji kurasa 100. Mtungi ule unatosha. Katika ubeti mwingine wa mwezi huo huo Dave alisema kwamba mtungi aliufanya kwa ajili ya fedha taslimu, ijapokuwa fedha huitwa takataka. Kejeli hiyo ni kali, kwa sababu fedha zenyewe hazikuwa za kuingia mfukoni mwake.

Mwaka 1859 ulikuwa kilele cha ufundi wake. Tarehe 13 Mei mwaka huo, katika kiwanda cha Miles kilichoitwa Stony Bluff, Dave na mwenzake Baddler walikamilisha mitungi miwili mikubwa, kila mmoja wa kuchukua lita 150 hivi. Anayejua ufinyanzi ataelewa kazi hiyo. Udongo mwingi kiasi hicho hauwezi kuinuliwa kwa gurudumu mara moja. Sehemu ya chini hufinyangwa kwanza, ikaachwa ishike kidogo. Kisha mikunjo minene ya udongo huongezwa juu yake na kuvutwa ikiungana na ya chini, huku ukuta ukipanda na kutanuka bila kuanguka. Juu ya mmoja wao Dave alitania kwamba ungeweza kumbeba kondoo, mbuzi au hata dubu. Na hapo alifanya jambo la ungwana: aliliandika jina la Baddler kando ya jina lake. Lau asingefanya hivyo, leo hakuna ambaye angejua kuwa Baddler aliwahi kuishi.

Wiki chache baadaye, katika ubeti wa tarehe 4 Julai, aliandika kuhusu filimbi na ngoma zinazopigwa katika sikukuu ya uhuru wa Marekani. Msomaji na afikirie: mtumwa mwenye umri unaokaribia miaka 60, katika jimbo ambalo zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa watumwa, akiandika juu ya siku ya uhuru. Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja ya kuongeza.

Shairi lake la mwisho linalojulikana ni la mwaka 1862, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1865 na utumwa ukapigwa marufuku nchini Marekani. Katika sensa ya mwaka 1870 tunamkuta mtu huru aitwaye David Drake, mwenye umri wa miaka 70 hivi, ambaye kazi yake ni kufinyanga kwa gurudumu. Jina la ukoo alilitwaa kutoka kwa bwana wake wa kwanza, kama walivyofanya wengi waliokombolewa. Katika sensa ya mwaka 1880 hayumo. Alikufa katika muongo huo, na kaburi lake halina alama.

Baada ya kifo chake mitungi ilibaki mashambani. Mingine ilivunjika, mingine ikatobolewa ikawa ya kupandia maua barazani. Mwaka 1919 Makumbusho ya Charleston yalipata mtungi wa Dave, na watu wa makumbusho wakaanza kuuliza huyu Dave alikuwa nani. Pole pole wakusanyaji wa vyombo vya kale wakaingia. Waliizunguka mikoa, wakanunua mitungi kutoka kwa wakulima, wakalinganisha mwandiko, umbo la mabega mapana, vishikio vinene vilivyobanwa juu na rangi ya ile ngozi ya kioo. Leo mkusanyaji makini hutazama hayo yote kabla hajatoa fedha yake, kwa sababu bei inapopanda waghushi nao hawalali.

Katika hesabu zake kuna somo. Mtungi wa Edgefield usio na maandishi una bei yake. Ukiwa na sahihi ya Dave bei hupanda mara nyingi. Ukiwa na ubeti hupanda zaidi ya hapo. Udongo ni ule ule, joko ni lile lile, mkono ni ule ule. Kinacholipiwa ni herufi, na herufi ndizo ambazo sheria ilitaka zisiwepo. Ule mtungi wa dola milioni 1.56 una ubeti unaomshauri mwenye nao aujaze nyama. Walionunua, jumba la sanaa la Crystal Bridges katika jimbo la Arkansas, walitoa fedha nyingi kuliko zile ambazo mtungi wenyewe ungeweza kubeba.

Wapo waliobaki upande wa pili wa mizani. Katika Edgefield ile ile vilitengenezwa vyombo vyenye sura za watu, macho na meno yakiwa ya udongo mweupe. Watafiti huvihusisha na Waafrika walioletwa kwa meli iitwayo Wanderer, ambayo mnamo Novemba 1858 ilishusha zaidi ya watu 400 kutoka eneo la mto Kongo katika kisiwa cha Jekyll, Georgia, miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa. Baadhi yao walipelekwa Edgefield. Vyombo hivyo vinagombaniwa na wakusanyaji, lakini waliovitengeneza hawana majina. Tunaziona sura walizoziumba, nasi hatuwezi kuwaita.

Sasa tuulize: je, kukusanya vyombo hivi ni jambo jema? Lawama zipo, nazo si za kupuuzwa. Mtu alinyimwa ujira wake akiwa hai, na watu wasiomhusu wakatajirika kwa kazi yake miaka 150 baada ya kufa. Kwa upande mwingine, lau si wakusanyaji na wahifadhi, mitungi mingi ingekuwa vigae, na Dave angebaki mstari mmoja katika hati ya rehani. Naona pande zote mbili zina ukweli. Kuhifadhi si kosa. Kosa ni kuhifadhi kitu na kumsahau mtu, au kumkumbuka mtu kwa maneno na kuwasahau jamaa zake wanapofika mlangoni.

Katika jambo hilo dunia imepiga hatua. Mwaka 2025, Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalikubaliana na kizazi cha Dave kuhusu mitungi miwili ya mwaka 1857. Makumbusho yalikiri kwamba mtumwa hakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa kazi yake iuzwe, na kwa hiyo umiliki ukarudishwa kwa jamaa zake. Kisha mtungi mmoja, ule wenye ubeti kuhusu fedha taslimu, ukanunuliwa tena kutoka kwao kwa hiari. Hivyo fedha ambazo Dave aliziita takataka na hakuzigusa ziliwafikia vitukuu vyake baada ya miaka 168.

Kwetu hapa Kenya mambo haya hayapaswi kuonekana ya mbali. Tumeshuhudia vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, vikiibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980 vilirejeshwa kutoka Marekani. Viliweza kurejeshwa kwa sababu vilipigwa picha kabla ya kuibwa na familia yake ikajulikana. Visivyo na kumbukumbu ya aina hiyo vinabaki vitu tu, vimesimama ndani ya kabati la kioo na kibandiko kinachotaja nchi na kabila pekee.

Wafinyanzi wetu wa jadi, wengi wao wakiwa akina mama, hawakuwa watu wa kuandika vitabu. Hata hivyo hawakuridhika kufichika. Huko Ukambani palikuwa na desturi ya mfinyanzi kuchora alama yake kwenye chungu, ili kazi ya mkono wake itambulikane na ya mwenziwe. Ni wazo lile lile la Dave, bila ya herufi. Lakini alama hukosa maana pale ambapo hakuna aliyeuliza ni ya nani na akaandika jibu.

Basi kazi ipo, na ni kazi ya shule. Mwalimu wa historia, wa sanaa au wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo, si kununua vyungu vya kale wala kuvihamisha, bali kuwatafuta wanaovifinyanga na wanaovikumbuka. Waulize udongo ulichimbwa wapi, ulichanganywa na nini, chombo kilichomwa kwa kuni gani, alama hii ni ya nani, na mwenyewe alijifunza kwa nani. Yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na jina kamili. Chombo kibaki kwa wenyewe, na maarifa yahifadhiwe shuleni. Zoezi hilo halihitaji mfadhili wala kompyuta, bali kalamu na adabu ya kuketi mbele ya wazee.

Tena mwanafunzi anayelalamika kwamba insha na tahajia ni mzigo wa mtihani na amtafakari Dave. Alikuwa na sentimita chache za udongo mbichi, muda mfupi kabla haujakauka, na nchi nzima iliyotunga sheria ili asijue herufi. Aliandika. Mabwana waliommiliki wanakumbukwa leo kwa sababu moja tu: majina yao yanatajwa katika maisha yake.